KIKUNDI MAJINI: HAKUNA KUMWACHA MTU NYUMA

Vikundi vyetu vinajua kuanzisha kazi. Kigumu ni kukubaliana ni nani atakayesema "turudi" mambo yakianza kuharibika. Safari hii tunachukua mfano wa mbali, kutoka Uskoti, upande wa kaskazini wa Uingereza. Huko kuna vyama vya watu wanaosafiri pamoja kwa kayaki.

Kayaki ni nini?

Ni mtumbwi mwembamba uliofunikwa juu, wenye tundu la kukalia. Waanzilishi ni Wainuiti wa nchi za barafu, waliowamba ngozi za wanyama wa baharini juu ya fremu ya mbao au mifupa, wakaenda kuwinda. Siku hizi nyingi ni za plastiki au faibaglasi. Kafi lake lina ubapa pande zote mbili. Kayaki ya baharini ina urefu wa kama mita 5 na hubeba hema na chakula. Ya mtoni ni fupi, ili igeuke upesi kati ya mawe.

Chama kinafanyaje kazi? Wanachama hulipa ada, na vyama vingi vina vyombo vya pamoja, hivyo asiye na chake huazima. Wakati wa baridi hufanya mazoezi katika bwawa la kuogelea: jinsi ya kutoka chombo kikipinduka, na jinsi ya kumrudisha mwenzako ndani.

Maji yana saa zake

Pwani ya magharibi ya Uskoti ina mikono ya bahari inayoingia ndani kati ya milima. Wenyewe huiita "loch". Loch Fyne ina urefu wa kama kilomita 65. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kama Lamu na Mombasa, na bamvua na maji mafu yako vilevile.

Lakini maji hayaendi kwa mwendo mmoja. Gawanya maji yote mafungu 12. Saa ya kwanza hupita fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Yaani nusu ya maji yote hupita katika saa mbili za katikati! Hesabu hii ni ya kukadiria tu, lakini husaidia kuchagua saa ya kuvuka.

Huko Connel, mdomo wa Loch Etive ni mwembamba tena una mwamba chini. Bahari ikipwa sana, maji ya ndani hayawahi kutoka, basi humwagika kama maporomoko chini ya daraja.

Asiyejua saa huumia. Mwaka 1947 mwandishi George Orwell, aliyeandika kitabu tunachokijua kama "Shamba la Wanyama", alikuwa akiishi kisiwa cha Jura. Alikosea kusoma jedwali la maji, akaingia na boti karibu na kizingia cha Corryvreckan pamoja na mwanawe mdogo na jamaa wengine. Injini iling'oka, boti ikapinduka kando ya mwamba. Waliokolewa na wavuvi wa kamba waliokuwa wakipita.

Mtoni hali ni nyingine. Mto Spey hauangalii mwezi, unaangalia mvua: jana ulikuwa mpole, leo si mchezo.

Taratibu za safari

1. Kiongozi ni mmoja, na anajulikana kabla ya kuondoka.
2. Mzoefu mmoja hukaa mkiani. Hakuna anayebaki nyuma yake.
3. Wasipungue watatu. Mmoja akiumia, wa pili anabaki naye, wa tatu anatafuta msaada.
4. Mwendo ni wa yule aliyechoka zaidi.
5. Mtu wa nchi kavu anajua njia na saa ya kurudi.
6. Kila mtu huvaa jaketi la kuelea na nguo za kukinga baridi. Maji baridi humfanya mtu ahemeke ghafla, akameza maji hata kama anajua kuogelea.

Jambo gumu ni lile la kurudi. Watu wameamka alfajiri, wamechanga petroli, wamefika ufukweni, kumbe upepo ni mkali. Kila mmoja anaona haya kusema anaogopa. Ndiyo maana kabla ya kuingia majini kiongozi huuliza kila mtu. Ufukweni yeyote anaweza kusema, lakini majini hakuna kupiga kura. Na akisema "turudi", hakuna wa kumlaumu kwa petroli iliyopotea.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

- Katika kikundi chetu, ni nani anayekaa mkiani?
- Mwendo wetu ni wa nani: wa mwenye nguvu au wa aliyechoka?
- Mwanachama akiona hatari, anaweza kusema bila kuchekwa?
- Je, tumewahi kuendelea na kazi kwa sababu tu tulikuwa tumeshachanga pesa? Iliishaje?