Gugu Karoti: Maumbile, Ukuaji na Udhibiti wa Gugu Vamizi

Gugu vamizi ni mmea ulioingia mahali pasipo asili yake, ukaenea kwa kasi na kuleta madhara kwa mazao, mifugo, watu au mazingira. Ukiulizwa maana yake kwenye mtihani, taja mambo yote matatu: ugeni, kuenea kwa kasi na madhara. Mahindi nayo yalitoka Amerika, lakini si gugu vamizi, kwa sababu hayaenei porini bila mkono wa mkulima.

Asili na uainishaji

Gugu karoti huitwa kisayansi *Parthenium hysterophorus*. Asili yake ni maeneo ya joto ya bara la Amerika. Lilionekana India na Australia katika miaka ya 1950, Kenya katika miaka ya 1970, na nchini Tanzania lilitambuliwa mkoani Arusha mwaka 2010. Limo katika familia ya Asteraceae, pamoja na alizeti na kishonanguo.

Maumbile

- Mzizi: mzizi mkuu mmoja unaoshuka chini, wenye mizizi midogo pembeni.
- Majani: yamechanika sana kama ya karoti, na ndiyo asili ya jina lake. Yana vinyweleo laini.
- Shina: lina mistari iliyoinuka na hutoa matawi mengi kwa juu. Mmea unaweza kufikia urefu wa meta 1.5 au zaidi.
- Ua: kile unachokiona kama ua moja dogo jeupe ni kichwa chenye maua mengi madogo yaliyobanana. Pembeni kuna maua 5 ya kike, na hayo ndiyo hutoa mbegu. Yaliyo katikati hutoa chavua tu. Kwa hiyo kichwa kimoja hutoa mbegu zisizozidi 5.

Mbegu 5 zinaonekana chache, lakini piga hesabu. Mmea wenye vichwa 3,000 unaweza kutoa mbegu 3,000 × 5 = 15,000. Hata kama mbegu moja tu katika kila 100 itakua, mmea huo mmoja utaacha watoto 150.

Mzunguko wa maisha

Mbegu huota wakati wowote wa mwaka, mradi udongo una unyevu wa kutosha. Kwanza mche hutandaza majani yake ardhini kwa umbo la duara, bila shina kuonekana. Baadaye shina hunyanyuka na kutoa matawi. Hali ikiwa nzuri, maua ya kwanza hutokea wiki 4 tu baada ya kuota. Mahindi yaliyoota siku hiyohiyo huwa bado hayajatoa mbelewele.

Hapa ndipo penye mtego. Gugu hili ni rahisi kulitambua likishachanua, lakini likichanua huwa tayari limeingia katika safari ya kutengeneza mbegu. Mkulima anayesubiri kuona maua meupe ndipo ashike jembe, mara nyingi hukuta mbegu zimeshadondoka, na zile zilizofukiwa udongoni zinaweza kukaa hai kwa miaka kadhaa. Ndiyo maana kulijua gugu karoti likiwa bado majani matupu kuna faida kubwa kuliko kulijua likiwa na maua.

Kwa nini linashinda mimea mingine

1. Hukua na kuzaa haraka kabla mimea mingine haijakomaa.
2. Hutoa kemikali iitwayo partenini, ambayo huzuia mbegu za jirani kuota na kudumaza miche yake.
3. Mifugo hulikwepa. Ng'ombe wakila nyasi na kuliacha, wanalisafishia nafasi. Malisho yaliyochungiwa kupita kiasi huvamiwa kwa urahisi zaidi.
4. Mbegu zake ni ndogo na nyepesi. Husafirishwa na maji, matope kwenye matairi na viatu, majani ya mifugo, na mbegu za mazao zisizosafishwa vizuri. Ndiyo maana mara nyingi huanzia kando ya barabara.

Madhara

Kwa binadamu, kuligusa mara kwa mara huleta muwasho na vipele, na chavua yake huamsha mafua ya mzio na pumu. Kwa mifugo, maziwa na nyama hupata ladha mbaya, na mnyama akila kwa wingi huweza kudhurika. Kwa kilimo, hupunguza mavuno na malisho.

Udhibiti

- Ling'oe pamoja na mzizi, udongo ukiwa na unyevu, kabla halijachanua. Vaa glavu na nguo za mikono mirefu.
- Usilifyeke tu. Kisiki kilichobaki huchipua matawi mapya na kutoa maua tena.
- Safisha magari na zana zitokazo eneo lililovamiwa.
- Tunza nyasi za malisho, kwani ardhi iliyofunikwa vizuri huacha nafasi ndogo kwa gugu.
- Udhibiti wa kibiolojia: mende aitwaye *Zygogramma bicolorata*, mwenye asili ya Meksiko, hula majani yake. India imemtumia tangu miaka ya 1980. Mdudu wa namna hii hupimwa kwanza kama atashambulia mazao, hasa alizeti, kwa sababu ni ya familia moja na gugu karoti.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini mahindi si gugu vamizi ingawa ni mmea mgeni. (alama 2)
2. Kichwa kimoja cha gugu karoti hutoa mbegu zisizozidi 5. Tumia maumbile ya ua kueleza sababu. (alama 2)
3. Mkulima alifyeka gugu karoti lililochanua, akaliacha shambani. Toa sababu mbili za kukosoa kitendo chake. (alama 4)

*Jibu la swali la 3:* (a) Kisiki kitachipua na kutoa maua tena, kwa kuwa mzizi umebaki ardhini. (b) Vichwa vilivyoachwa shambani vinaweza kudondosha mbegu zilizokwisha kukomaa, nazo zitaota msimu huu au misimu ijayo.