Kiti na Pedali ya Klachi: Jambo Dogo Linalobeba Usalama wa Dereva na Abiria

Katika wilaya za Kibondo na Kasulu, magari yanayofanya kazi ngumu zaidi ni ya gia za mkono. Magari ya kubebea wagonjwa, Hiace za abiria, na malori ya Fuso na Canter yanayopakia maharage, mahindi na mihogo kutoka vijijini, mengi yao bado humtaka dereva akanyage klachi kwa mguu wa kushoto kila anapobadili gia. Magari madogo ya otomatiki yameongezeka mijini, lakini mgonjwa wa kijijini na gunia la mkulima huwategemea zaidi madereva wa gia za mkono.

Madereva hao hulalamikia maumivu ya goti la kushoto, nyonga na kiuno. Wengi huyahesabu kuwa sehemu ya kazi, au huitupia barabara lawama zote. Barabara mbovu huchangia, lakini chanzo kingine kimo ndani ya gari lenyewe, yaani kiti kilichokaa vibaya na klachi isiyotunzwa. Makala hii inaeleza namna ya kurekebisha mambo hayo mawili. Mwananchi asiyeendesha gari naye anahusika, kwa sababu dereva asiyeweza kukanyaga klachi hadi mwisho hawezi kulimudu gari kikamilifu mlimani, na ndani ya gari hilo wamo abiria.

Kazi ya klachi

Klachi ni kiungo kati ya injini na giaboksi. Mguu ukiwa mbali na pedali, sahani ya klachi hubanwa kwa springi yenye nguvu, na mzunguko wa injini hufika kwenye magurudumu. Dereva anapokanyaga pedali, anaishinda nguvu ya springi hiyo. Injini hutenganishwa na giaboksi, na gia inaweza kubadilishwa bila kukwaruza. Kwa hiyo uzito anaousikia mguuni ni uzito wa springi, uliopunguzwa na mwenzo wa pedali pamoja na waya au mafuta yanayosukuma.

Tuchukue mfano. Dereva akikanyaga klachi mara tatu tu katika kila kilomita, safari ya kilomita 100 itamfanya akanyage mara 300. Akiwa amekaa vyema, kazi hiyo hufanywa na misuli mikubwa ya paja. Akiwa amekaa vibaya, kila mkanyago huvuta nyonga, hupinda kiuno na hulemea goti.

Kwa nini jambo hili ni zito zaidi kwetu

Nyanda zetu zina vilima na mabonde yanayofuatana, na dereva hubadili gia mara nyingi kuliko anayesafiri tambarare. Ujenzi wa barabara ya lami ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu umeleta nafuu kubwa katika njia kuu. Hata hivyo, ukiacha lami na kuingia barabara za kata, ambazo husimamiwa na TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017, bado utakutana na changarawe na udongo. Msimu wa mvua, kuanzia takribani Novemba hadi Mei, udongo huo huteleza, na dereva hulazimika kuachia klachi taratibu sana ili magurudumu yasizunguke bure. Utaratibu huo hauwezekani kwa mguu ulionyooshwa hadi ncha ya vidole.

Kurekebisha kiti kabla ya kuwasha gari

Marekebisho haya hufanywa gari likiwa limesimama mahali tambarare, breki ya mkono ikiwa imevutwa. Hayagharimu fedha, na huchukua dakika mbili au tatu.

Kwanza, kaa ukirudi nyuma kabisa, makalio na kiuno vikigusa kiegemeo. Anayekaa ukingoni mwa kiti hana kitu cha kuegemea anapokanyaga, na mgongo wake ndio unaobeba nguvu yote.

Pili, kanyaga klachi hadi sakafuni kwa mguu wa kushoto, kisha sogeza kiti mbele au nyuma. Mahali sahihi ni pale ambapo pedali imefika mwisho na goti bado limekunjwa kidogo. Goti likinyooka kabisa, uko mbali mno. Goti likigonga usukani au dashibodi unapoinua mguu, uko karibu mno.

Tatu, ikiwa kiti kina kirekebisho cha urefu, kiinue mpaka nyonga ziwe sawa na magoti au juu yake kidogo, na macho yaone barabara bila kunyoosha shingo. Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti ibaki nafasi ya vidole viwili au vitatu, ili ukingo usibane mishipa ya damu na kuutia mguu ganzi.

Nne, simamisha kiegemeo cha mgongo, ukikilaza nyuma kidogo tu. Nyoosha mkono juu ya usukani huku mabega yakigusa kiegemeo; kifundo cha mkono kikae juu ya usukani bila bega kuondoka. Kifua kiwe umbali wa angalau sentimita 25 kutoka usukani, hasa kwa magari yenye mfuko wa hewa.

Tano, weka kiegemeo cha kichwa usawa wa utosi, funga mkanda upite juu ya mifupa ya nyonga na si juu ya tumbo, kisha ndipo urekebishe vioo. Anayeanza na vioo na kumalizia na kiti hulazimika kuvirudia vioo tena.

Gari moja, madereva wengi

Magari ya taasisi na ya abiria huendeshwa na watu wa vimo tofauti. Dereva anayepokea gari akaondoka na kiti cha mwenzake amevaa kiatu kisichokuwa chake. Kila anayepokea usukani auone urekebishaji wa kiti kuwa sehemu ya ukaguzi, sawa na kutazama maji, mafuta na matairi.

Dereva mfupi anaweza kuhitaji kuongeza kimo. Atumie mto mgumu usioteleza, na auweke kabla ya kupima umbali wa pedali, kwa sababu mto humwinua na kubadili urefu wa mguu unaohitajika. Mto laini hudidimia kwenye matuta, na mto unaoteleza humsogeza dereva mbele wakati wa breki ya ghafla. Kwa anayeumwa kiuno, taulo lililokunjwa na kuwekwa kwenye mbonyeo wa mgongo wa chini husaidia, mradi lisimsukume mbali na kiegemeo.

Viatu na sakafu

Kandambili huvuka pedali na kunasa chini yake. Buti zito la mvua humnyima dereva hisia ya mahali klachi inapoanza kushika. Kiatu kinachofaa kimefungwa kisigino, kina soli nyembamba isiyoteleza, na hakina tope. Raba ya pedali iliyolika ibadilishwe. Ni kifaa kidogo, lakini ndicho kinachozuia mguu uliolowa usiteleze. Kapeti ya miguuni isirundikane chini ya pedali, na chupa ya maji isiachwe ikibingirika sakafuni. Kitu chochote kilicho chini ya pedali hufupisha mwendo wake, na klachi hubaki haijaachia sawasawa.

Pedali inapokuwa nzito au laini kupita kiasi

Kiti kikishakaa vyema na mguu bado ukalemewa, tazama mashine. Pedali iliyokuwa nyepesi na ikaendelea kuwa nzito ni dalili ya uchakavu. Katika magari yenye waya, huenda waya umekauka, umepinda au umeanza kukatika nyuzi. Katika aina yoyote, huenda bushi za pedali zimekauka, beringi ya klachi imechoka, au sahani imelika kiasi cha kubadili mkao wa springi na kuongeza uzito wake.

Pedali inayozama au inayohitaji kukanyagwa mara mbili ndipo gia iingie huashiria hewa au uvujaji katika mfumo wa mafuta. Kagua silinda ya juu nyuma ya pedali na silinda ya chini kwenye giaboksi. Unyevu wa mafuta pembeni mwake ni ushahidi wa uvujaji. Mafuta ya klachi ni ya aina moja na ya breki, na aina inayotakiwa huandikwa kwenye kifuniko cha kopo lake. Kamwe usiongeze oili ya injini, kwa maana huvimbisha raba za ndani na kuharibu mfumo mzima. Katika baadhi ya magari, klachi na breki huchangia kopo moja, hivyo uvujaji wa klachi usipuuzwe hata siku moja.

Pedali pia huwa na mwendo mdogo mtupu kabla ya kuanza kuhisi uzito. Mwendo huo ukikosekana, klachi huteleza na kuungua; ukizidi, gia hukwaruza. Kipimo hutofautiana kwa kila gari, hivyo fundi afuate kitabu cha gari husika badala ya kukisia.

Mazoea yanayolinda mguu na klachi

Baada ya kubadili gia, ondoa mguu kwenye pedali na uupumzishe sakafuni, upande wa kushoto. Mguu unaoelea juu ya pedali huchoka, na uzito wake mdogo hutosha kuichakaza beringi.

Usilishikilie gari mlimani kwa nusu klachi. Vuta breki ya mkono, ingiza gia ya kwanza, achia klachi taratibu mpaka mlio wa injini ushuke na pua ya gari iinuke kidogo, kisha shusha breki ya mkono huku ukiongeza mafuta. Unaposubiri kwa muda mrefu, toa gia na uupumzishe mguu.

Wakati wa kushuka mlima, chagua gia ndogo kabla ya mteremko na uiache klachi. Kushuka kwa frii, au kwa klachi iliyokanyagwa, huinyima gari breki ya injini na kuziachia breki za magurudumu mzigo wote hadi zipate moto na kupoteza nguvu.

Katika safari ndefu, simama takribani kila baada ya saa mbili, shuka, utembee na kunyoosha miguu. Maumivu yanayoendelea hata siku za mapumziko, goti linalovimba, au ganzi inayoshuka mguuni yanahitaji mhudumu wa afya. Kubadili kiti peke yake hakutoshi.

Wajibu wa kila mmoja

Mmiliki wa gari asiihesabu klachi nzito kuwa usumbufu wa dereva peke yake, maana gharama ya waya au ya kuziba uvujaji ni ndogo kuliko ya klachi nzima. Dereva naye asione haya kusogeza kiti mbele za abiria. Na abiria wamvumilie dakika hizo mbili kabla ya safari. Mama mjamzito anayekimbizwa hospitali usiku wa mvua anamhitaji dereva ambaye mguu wake wa kushoto unafika mwisho wa pedali, na bado una nguvu za kurudia mkanyago huo mpaka mlima wa mwisho.