Kwotabeki wa kusimama na kwotabeki wa mbio: jibu langu kwa mpwa wangu

Juzi nilipigiwa simu na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliyehamia Marekani na mumewe miaka mingi iliyopita. Kijana ana miaka 16, na huko shuleni kwao acheza ule mpira wao wa Kimarekani, wa kofia ngumu na mabega yaliyofura. Baada ya salamu na kuulizana hali, akanambia: "Mjomba, kocha ataka kunitoa kwotabeki anipeleke kwa wapokeaji. Asema nina mbio sana. Na mama naye asema niache kabisa kabla sijavunjwa. Wewe waonaje?"

Nilinyamaza kidogo. Mimi ni mtu wa kandanda. Mpira huo niliwahi kuukesha mara mbili tu, na mara zote mbili ilikuwa ile fainali yao kubwa, Super Bowl, ambayo kwetu huanza saa nane na nusu za usiku. Lakini mtoto akikuuliza jambo lake kwa dhati, huwezi kumjibu kwa kubahatisha. Nikamwambia anipe muda. Nikatazama mechi za zamani, nikasoma, nikauliza wanaojua. Leo nataka kukuelezea nilichokipata, maana najua wengi wenu mna watoto na wajukuu huko, na huenda siku moja nanyi mkapigiwa simu kama hii.

Kwanza mchezo wenyewe. Kiwanja kina urefu wa yadi 100, yaani kama mita 91, na kila upande una wachezaji 11. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10. Ikifaulu, hupewa manne mengine. Ikishindwa, mpira ni wa wenzao. Ukiufikisha mpira mwisho wa kiwanja wapata pointi 6, na ukiupiga kwa mguu ukapita kati ya milingoti wapata 3.

Kila jaribio huanza mpira ukirushwa nyuma na mchezaji wa katikati hadi mikononi mwa kwotabeki. Hapo yeye ndiye mwenye amri. Ana njia tatu: ampe mkimbiaji aliye karibu naye, aurushe mbele kwa mpokeaji, au akimbie nao mwenyewe. Mbele yake kuna wanaume watano wa miraba minne, wengi wao wenye zaidi ya kilo 130, kazi yao ikiwa kuwazuia adui wasimfikie. Watano hao wakirudi nyuma kidogo wakimzunguka, hutokea kama nusu duara. Nafasi hiyo ya ndani Wamarekani huiita mfuko. Kwotabeki ana sekunde mbili, au tatu akibahatika, kabla ya mfuko kupasuka.

Na hapa ndipo penye mabishano.

Kwotabeki wa mtindo wa zamani hukaa ndani ya mfuko. Hakimbii. Silaha zake ni macho, mkono na kichwa. Kabla mpira haujaanza huwa amekwisha kusoma jinsi adui alivyojipanga, na amejua nani atabaki bila mlinzi. Tom Brady ndiye mfano mkubwa. Kwenye majaribio ya mwaka 2000 alikimbia yadi 40 kwa sekunde 5.28, mwendo wa kuchekwa, na timu zikamwacha hadi akachaguliwa wa 199. Mtu huyo aliyechekwa akashinda Super Bowl saba na kucheza misimu 23, akastaafu akiwa na miaka 45. Peyton Manning naye, akiwa na miaka 37 na shingo iliyokwisha kupasuliwa, alirusha mipira 55 ya mabao katika msimu wa 2013, na mbio hakuwa nazo kabisa.

Kwotabeki wa mbio ni mwingine. Mfuko ukipasuka, yeye ndipo aanzapo kazi. Michael Vick mwaka 2006 alikuwa kwotabeki wa kwanza kufikisha yadi 1,000 za kukimbia katika msimu mmoja, alipata 1,039. Lamar Jackson wa Baltimore Ravens akaivunja rekodi hiyo mwaka 2019 kwa yadi 1,206, na mwaka huo huo akaongoza ligi nzima kwa mipira ya mabao ya kurusha, 36. Wapiga kura wote, bila hata mmoja kupinga, wakamtaja mchezaji bora wa msimu.

Kwa nini mbio za kwotabeki zina thamani hivyo? Sababu moja ni hesabu tu. Kwotabeki wa kusimama akishampa mkimbiaji mpira, kazi yake imekwisha, amekuwa mtazamaji. Basi timu yake yashambulia na watu 10 dhidi ya walinzi 11, na siku zote kuna mlinzi mmoja asiye na wa kumzuia. Lakini kwotabeki mwenyewe akiwa aweza kukimbia, mlinzi huyo hana budi kumtazama yeye. Hesabu imerudi 11 kwa 11.

Kuna mbinu iliyojengwa juu ya hesabu hiyo. Kwotabeki huuweka mpira tumboni mwa mkimbiaji bila kuuachia, huku akimtazama mlinzi mmoja wa pembeni aliyeachwa makusudi bila kuzuiwa. Mlinzi akimfuata mkimbiaji, kwotabeki auvuta mpira na kutoka nao mwenyewe. Mlinzi akibaki kumngoja kwotabeki, mkimbiaji apewa mpira na kupita. Lolote atakalolifanya huyo mlinzi litakuwa kosa. Na angalia, ndugu msomaji: hiyo si kazi ya miguu peke yake. Uamuzi huo wafanywa kwa kufumba na kufumbua, na ukikosea wameshakulaza chini.

Sababu ya pili ni walinzi wa nyuma. Wakiamua kila mmoja amfuate mtu wake, huwa wamempa kwotabeki mgongo. Mwenye mbio akiona hivyo apita katikati na hakuna anayemwona mpaka amekwisha kula yadi 15. Kwa hiyo timu nyingi hulazimika kumtenga mlinzi mmoja kazi yake kumchunga kwotabeki tu, na mlinzi huyo hutoka mahali pengine ambapo pabaki wazi.

Basi mbona timu zote hazitafuti wenye mbio? Jibu ni mwili. Robert Griffin aliingia ligi mwaka 2012, akakimbia yadi 815 msimu wake wa kwanza na Washington ikamfanya kipenzi. Januari 2013, katika mechi ya mtoano, goti lililokuwa limekwisha kuumia likasalimu amri mbele ya watu wote. Alirudi kucheza, lakini yule kijana wa mwanzo hakurudi tena. Dada yangu hamjui Griffin, ila hofu yake ndiyo hiyo hiyo, na mimi siidharau hata kidogo.

Lakini mfuko nao si ngome. Joe Theismann alivunjika mguu akiwa ndani ya mfuko mwaka 1985, na hakucheza tena maishani mwake. Brady mwenyewe aliumizwa goti mechi ya kwanza ya msimu wa 2008 akiwa amesimama anarusha, msimu mzima ukampita. Anayekimbia angalau amwona anayemjia, na sheria yamruhusu kuteleza chini kwa miguu, na akishateleza haruhusiwi kupigwa. Aliyesimama hupigwa kwa nyuma, macho yake yakiwa mbali.

Wabishani hupenda kutaja Super Bowl ya Februari 2016. Cam Newton, mchezaji bora wa msimu huo, mwenye mwili wa simba na miguu ya swala, alikutana na Manning mzee wa Denver Broncos. Mzee akashinda 24 kwa 10. Wapenzi wa mfuko wakasema, si tuliwaambia! Lakini ukiitazama mechi ile, Manning hakufanya makubwa. Ni walinzi wa Denver waliomwangusha Newton mara sita na kumpokonya mpira. Ushindi wa ulinzi wakaubandika jina la kwotabeki.

Sasa nifike penye uzito, maana swali la mpwa wangu halikuwa la mbinu.

Kwa miongo mingi, kijana mweusi aliyekuwa kwotabeki chuoni alipofika ligi ya kulipwa aliambiwa: wewe una mbio, nenda ukapokee mipira. Haikusemwa wazi, lakini maana yake ilieleweka. Kufikiri tuachie sisi. Mwaka 1968 Marlin Briscoe alipewa nafasi Denver baada ya wengine kuumia, akarusha mipira 14 ya mabao. Mwaka uliofuata hakuwa na kazi Denver, akaenda Buffalo na kugeuzwa mpokeaji. Warren Moon mwaka 1978 hakuchaguliwa na timu yoyote. Akavuka mpaka kwenda Kanada, akashinda mataji matano na timu ya Edmonton, ndipo kwao wakamkumbuka. Mwaka 2006 akawa kwotabeki mweusi wa kwanza kuingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo.

Na kisa kinachonifunza zaidi ni cha Januari 1988. Doug Williams wa Washington akawa kwotabeki mweusi wa kwanza kushinda Super Bowl. Robo ya pili peke yake alirusha mipira minne ya mabao, mechi ikaisha 42 kwa 10. Je, alikuwa mtu wa mbio? La hasha. Williams alikuwa mtu wa mfuko, mrefu, mwenye mkono wa bunduki. Mwenye miguu myepesi ya kuchomoka siku ile alikuwa mpinzani wake, John Elway, ambaye ni mzungu. Hata leo, mmoja wa makwotabeki wagumu kuwazuia wakikimbia ni Josh Allen wa Buffalo, mchezaji bora wa msimu wa 2024, naye ni mzungu. Basi mtindo haufuati rangi. Rangi ndiyo iliyokuwa ikifuatwa na macho ya wachaguzi.

Si mambo ya kale tu. Mwaka 2018 Lamar Jackson alikuwa amekwisha kushinda tuzo kubwa kuliko zote za mpira wa vyuo, na bado mkongwe mmoja wa ligi akasema hadharani kuwa heri awe mpokeaji. Lamar akakataa hata kupimwa mbio zile za yadi 40. Makwotabeki wanne wakachaguliwa kabla yake, yeye akawa wa 32. Mwaka uliofuata, mkongwe yule alikiri kuwa alikosea.

Februari 2023 nilikesha. Patrick Mahomes wa Kansas City dhidi ya Jalen Hurts wa Philadelphia, mara ya kwanza kwa Super Bowl kuanzwa na makwotabeki wawili weusi. Hurts alikimbia na kuingiza mabao matatu kwa miguu yake. Mahomes naye hakuwa mtu wa kukimbia sana, yeye husogea huku na huku ili apate nafasi ya kurusha, na kifundo cha mguu kilikuwa kikimuuma. Nilikatiza kwa sala ya alfajiri, niliporudi bado wanavutana. Ikaisha 38 kwa 35, Mahomes akashinda. Miaka miwili baadaye wakakutana tena, Hurts akalipiza 40 kwa 22. Ukiniuliza nani kati yao ni wa mfuko na nani wa mbio, nitakwambia swali lenyewe limeanza kuzeeka. Kila mmoja wao aweza kusimama na aweza kutoka. Mwenye kusimama tu bado anashinda, Matthew Stafford alichukua kombe Februari 2022. Mwenye kukimbia tu, asiyeweza kusoma ulinzi na kurusha, sijaona aliyedumu.

Nikampigia mpwa wangu. Nikamwambia hivi: "Mwanangu, mbio zako ni neema, usimwombe mtu radhi kwa ajili yake. Lakini mbio zitaisha, goti likiuma au umri ukifika. Kichwa ndicho kitakachobaki. Basi nenda kwa kocha kwa adabu, umuulize: je, kuna mpira niliokosea kuurusha, au kuna ulinzi nilioshindwa kuusoma? Akikuonyesha, jifunze, na ikibidi umsikilize uende kwa wapokeaji. Kama hana cha kukuonyesha ila mbio zako, mwambie waomba nafasi ya kushindania namba kama wengine."

Kisha nikaongea na mamake. Yeye sikumwambia asiogope, nilimwambia tu amfundishe mtoto kuteleza chini mapema, asishindane na mtu wa kilo 110 kwa yadi moja. Alicheka kidogo, kisha akasema bado hajaridhika. Ni haki yake, ndiye mzazi.

Jana usiku kijana aliniandikia. Ameshaongea na kocha. Hakumuahidi kitu, ila amempa wiki tatu za kujaribiwa, na daftari la mbinu akalisome. Asema ni zito kuliko la hesabu.

Nikamjibu: soma.