Moyo Haungoji Kafyu Iishe

Ngojangoja huumiza matumbo, walinena wahenga. Janga la korona lilitufunza kwamba huua moyo pia. Tunapowahesabu waliofariki wakati ule, aghalabu huwasahau wale ambao hawakuambukizwa kamwe, ila walichelewa kufika hospitalini vifua vilipowabana. Hao nao, kwa maoni yangu, ni wahanga wa janga.

Mwanafunzi wa sekondari anajua kwamba moyo ni msuli, nao hulishwa damu kwa mishipa yake wenyewe. Damu ikiganda na kuziba mmojawapo, sehemu ya msuli hukosa oksijeni na kuanza kufa. Ikishakufa, haifufuki. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hufaa zaidi katika saa za mwanzo; zikipita saa 12, faida yake huwa imepungua mno.

Sasa tupige hesabu. Kafyu iliyoanza nchini Kenya tarehe 27 Machi 2020 ilikuwa ya kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aliyeshikwa na maumivu saa mbili usiku, akaamua kungoja kupambazuke, alikuwa amekwisha kupoteza saa 9 kati ya zile 12.

Hapa Kondele hospitali haiko mbali. Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji huiita "Russia" kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti na kufunguliwa mwaka 1969, ni jirani yetu. Lakini umbali haupimwi kwa hatua pekee. Wahudumu wa afya waliruhusiwa kupita usiku. Mwendeshaji bodaboda, ambaye ndiye gari la wagonjwa la maskini, alihofia rungu la polisi. Isitoshe, kushindwa kupumua ni dalili ya moyo na pia ya korona. Watu walihofu kutiwa karantini, ambayo miezi ile ya kwanza wengi walitakiwa kuilipia wenyewe. Na baada ya habari za maziko ya usiku, ya haraka, yaliyofanyika Siaya mnamo Aprili 2020, nani hakuogopa kufia mikononi mwa wageni?

Hofu hii haikuwa ya Kondele pekee. Huko Uingereza, ambako matibabu ni bure na magari ya wagonjwa si haba, kufikia mwisho wa Machi 2020 idadi ya waliolazwa kwa maradhi ya ghafla ya mishipa ya moyo ilikuwa imepungua kwa takriban asilimia 40. Maradhi hayakuwa yametoweka. Wagonjwa walikuwa wamebaki majumbani.

Wapo watakaosema kwamba kafyu iliokoa maisha. Sipingi. Mnamo Juni 2021, korona aina ya Delta ilipolivamia eneo hili, Kisumu na kaunti nyingine 12 zilirudishiwa kafyu ya saa moja jioni, na hatari ilikuwa ya kweli. Ninachodai ni kwamba amri ya kufunga mlango haina budi kutaja pia nani afunguliwe. Janga jingine likija, wakuu watangaze waziwazi, kwa Kiswahili na kwa Kijaluo, kwamba mgonjwa na anayembeba hawazuiwi. Kila mtaa uwe na bodaboda zilizopewa kibali cha usiku. Nazo hospitali ziwatenge wenye maradhi ya kuambukiza na wagonjwa wengine tangu langoni, ili mwenye maumivu ya kifua asiogope kuingia.

Shule nazo zina wajibu. Mwalimu wa biolojia afundishapo mzunguko wa damu, asiishie kwenye mchoro wa ubaoni. Awaambie wanafunzi kwamba kifua kubana, maumivu kupanda shingoni au kushuka mkononi, jasho jembamba na pumzi kukatika si mambo ya kutulizwa kwa maziwa eti ni vidonda vya tumbo. Awaonye pia kwamba kwa wanawake, wazee na wenye kisukari, dalili zaweza kuwa uchovu na kichefuchefu tu. Mtoto anayezijua dalili hizi ndiye atakayeamsha jirani usiku wa manane, wakati watu wazima wangali wanabishana kama wangoje asubuhi.