Oili Inapopanda Badala ya Kushuka

Machi 2018, Honda ilisimamisha uuzaji wa CR-V mpya nchini China. Tatizo halikuwa breki wala mikanda. Injini ya turbo ya lita 1.5 iliyokuwa ndani ya gari hilo ilikuwa ikikusanya petroli kwenye oili, hasa katika mikoa yenye baridi kali. Mwezi mmoja kabla, kampuni ya ubia ya Dongfeng Honda ilikuwa imetangaza kuyaita magari takriban 350,000 yarekebishwe, lakini wasimamizi wa ubora wa China wakaukataa mpango wenyewe. Malalamiko kama hayo yalisikika pia Marekani na Kanada, na baadaye Honda ikabadilisha programu ya kompyuta ya injini na kurefusha dhamana huko Marekani.

Wenye magari hayo walishtuka walipochomoa kijiti cha kupimia oili: kiwango kilikuwa juu ya alama ya mwisho, na oili inanuka petroli.

Mafuta huingiaje mahali pasipo pake? Injini ikiwa baridi, sehemu ya petroli inayonyunyizwa haigeuki mvuke. Inagota kwenye ukuta wa silinda, inapita kando ya ringi za pistoni na kuteremka hadi kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Injini zenye nozeli zinazonyunyizia ndani ya silinda moja kwa moja, kama hiyo ya Honda, ziko hatarini zaidi, kwa sababu petroli hukosa muda na nafasi ya kuchanganyika na hewa. Safari ikiwa ndefu, oili hupata moto wa kutosha, petroli inageuka mvuke, na injini huuvuta mvuke huo na kuuchoma. Safari ikiwa ya kwenda dukani na kurudi, petroli inabaki, na ya kesho inaikuta.

Dizeli ni mkaidi zaidi. Ni nzito, haigeuki mvuke upesi, kwa hiyo ikishaingia kwenye oili ni nadra itoke yenyewe. Magari ya kisasa ya dizeli yenye chujio la masizi kwenye ekzosi hunyunyiza dizeli ya ziada ili kuyachoma masizi hayo. Dereva anayezima gari kila mara kabla kazi hiyo haijaisha anaijaza sampu dizeli bila kujua. Kiwango kikipanda mno, injini inaweza kuivuta oili hiyo nyepesi na kuichoma kama mafuta. Hapo inavuma kwa kasi ya kutisha, na kuzima swichi hakuisimamishi.

Hata bila kufika huko, madhara yapo. Oili ya daraja la SAE 30 inatakiwa kuwa na unene usiopungua 9.3 katika kipimo cha sentistoki, ikiwa na joto la nyuzi 100. Asilimia chache za mafuta zinatosha kuishusha hadi daraja la 20. Beringi za krenki na turbo ndizo za kwanza kulipa deni hilo.

Afrika Mashariki haina baridi ya mikoa hiyo ya China, lakini ina kisa chake: thamostati. Mafundi wengi huing'oa na kuitupa kwa hoja kwamba nchi zetu ni za joto. Hoja hiyo ni mbovu. Bila thamostati, maji ya rejeta huzunguka tangu injini inapowashwa, na injini inachelewa kupata moto au haiupati kabisa barabarani. Kompyuta ikisoma ubaridi huo inaendelea kuongeza petroli, na petroli ya ziada inajulikana inakoishia.

Sasa uchunguzi. Kwanza iondolewe sababu ya kijinga: huenda oili ilijazwa kupita kiasi. Injini ya Toyota 1NZ-FE, iliyomo kwenye Probox na IST nyingi, hupokea takriban lita 3.7 pamoja na filta, lakini mara ngapi fundi amemimina galoni nzima ya lita 4 ili isibaki! Gari lipimwe mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa dakika kadhaa, na alama iandikwe. Kiwango kikipanda baada ya wiki mbili bila mtu kuongeza kitu, kuna kinachoingia.

Kinachoingia kinaweza kuwa maji. Maji huifanya oili iwe na rangi ya chai ya maziwa, na tone lake likidondoshwa kwenye bati la moto hutatarika. Mafuta hayafanyi hivyo. Oili inabaki na rangi yake ila inakuwa nyepesi vidoleni. Pua husaidia kwa petroli, lakini kwa dizeli hudanganya. Kuna pia jaribio la karatasi: tone moja kwenye karatasi inayonyonya, liachwe kwa saa kadhaa. Mafuta hutambaa mbali kuliko oili na kuacha duara jepesi pembeni. Ni dalili tu. Na mtu asithubutu kuwasha kiberiti kuhakikisha.

Jibu la uhakika linatoka maabara, ambako unene hupimwa, na mvuke wa oili huchanganuliwa ili kujua kiasi cha mafuta kwa asilimia. Kikomo kinachotumika sana ni kati ya asilimia 2 na 5, kutegemea injini.

Gereji isiyo na maabara ina mashine ya kusomea kompyuta. Joto la maji likikaa nyuzi 60 gari likiwa mwendoni, thamostati haipo au imekwama wazi. Silinda ikimisi, ichunguzwe plagi, kisha koili, kisha nozeli inayovuja. Magari ya kabureta yana ugonjwa wao: pampu ya petroli inayoendeshwa na injini, mpira wake ukichanika, humwaga petroli moja kwa moja kwenye sampu. Kwenye dizeli, wa kushukiwa mapema ni nozeli na sili ya pampu ya shinikizo.

Oili na filta hubadilishwa baada ya chanzo kupatikana na kurekebishwa. Anayebadilisha oili kwanza na kuondoka anachafua oili mpya kwa gharama yake mwenyewe. Baada ya matengenezo, kiwango kiandikwe, kisha kipimwe tena gari likishatembea kilomita 500. Kikiwa kimepanda, chanzo bado hakijapatikana, na safari ya mbali iahirishwe.