Kukesha hakutakuongezea alama za GRE

Na MWANDISHI WETU

JE, msomaji, wewe ni miongoni mwa wale waliokata shauri kwamba mwaka huu watatuma maombi ya kusomea shahada ya uzamili au ya uzamifu nchini Marekani? Ikiwa ndivyo, bila shaka umekwisha kusikia habari za mtihani wa GRE. Huenda hata umenunua kitabu kinene, ambacho hukifungua usiku watoto wakishalala, kikombe cha kahawa kikiwa kando yako.

Kabla hatujagusa afya, neno moja kuhusu mfuko. Ada ya mtihani huu inapita dola 200 za Marekani, na tangu mwaka 2020 vyuo vikuu vingi vya huko viliacha kuulazimisha. Soma kwanza masharti ya idara unayoitaka, si ya chuo kwa jumla, kwani idara mbili za chuo kimoja zaweza kutofautiana. Lakini ikiwa idara yako inautaka, au unawania ufadhili pamoja na watu watakaopeleka alama nzuri, basi huna budi kujiandaa vilivyo.

Tuanze na hicho kitabu cha usiku. Chukua mfano wa karani anayeishi Rongai na kufanya kazi katikati mwa jiji la Nairobi. Yeye huamka saa kumi na moja alfajiri ili apate matatu kabla ya msongamano. Anapofungua kitabu saa nne usiku, amekaa macho kwa muda wa saa 17. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho muda huo hupungukiwa na wepesi wa macho na mikono sawa na mwenye pombe asilimia 0.05 katika damu. Yaani unajifunza hesabu ukiwa nusu mlevi, kisha unashangaa kwa nini uliyosoma Jumatatu yamekutoka Jumatano!

Isitoshe, ubongo huyapanga na kuyaimarisha yale uliyojifunza wakati umelala. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi za usingizi kila usiku. Afadhali basi ulale saa tatu usiku na kuamka saa kumi alfajiri, upate saa moja ya kusoma kichwa kikiwa chepesi. Najua wapo watakaocheka na kuuliza ni nani hulala saa tatu katika mtaa wenye makelele ya baa. Kama haiwezekani, tumia asubuhi za Jumamosi na Jumapili, na siku za kazi uridhike na nusu saa ya wakati wa chakula cha mchana.

Na kahawa? Haina ubaya asubuhi. Lakini kafeini hukawia mwilini, na kwa watu wengi nusu yake ingali imo baada ya saa tano hivi. Kikombe cha saa kumi na moja jioni bado kinakusumbua saa nne usiku. Chai ya rangi nayo ina kafeini, hata kama hatuihesabu.

Kuna wengine ambao hutafuna miraa ili wakeshe. Ni kweli huondoa usingizi, lakini huondoa hamu ya chakula pia, na ikiisha nguvu humwacha mtu mnyonge na mwenye hasira. Hatari zaidi ni vidonge vinavyopitishwa kwa siri mabwenini, vile ambavyo madaktari huwaandikia watu wenye shida ya kumakinika. Usimeze dawa ambayo hukuandikiwa wewe. Hata propranololi, ambayo wengine huitumia kutuliza moyo unaodunda, inaweza kumziba pumzi mtu mwenye pumu.

Sasa, usome nini? Tangu Septemba 2023 mtihani huu umefupishwa, nao huchukua muda usiofika saa mbili: insha moja ya dakika 30, maswali 27 ya lugha kwa dakika 41, na maswali 27 ya hesabu kwa dakika 47. Hesabu zake hazina kalkulasi wala trigonometria. Ni asilimia, uwiano, wastani, aljebra, jiometri na kusoma grafu, mambo ambayo wengi wetu tuliyapitia kabla ya kumaliza Kidato cha Nne. Shida ni kwamba aliyesomea fasihi hajayagusa tangu siku hiyo, naye mhandisi huyadharau, akaja akateleza palipo rahisi. Na kwa kuwa jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, usiache swali lolote wazi.

Wengi husoma kwa kurudia kurasa zile zile huku wakipiga mistari chini ya maneno. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi kifungu cha habari. Kundi moja lilikisoma mara nne. Jingine lilikisoma mara moja kisha likajijaribu mara tatu bila kukitazama. Baada ya wiki moja kundi la kwanza lilikumbuka asilimia 40 hivi, la pili asilimia 61. Cha kuchekesha ni kwamba dakika tano tu baada ya kusoma, wale wa mara nne ndio waliokuwa mbele. Ndiyo maana usiku wa kurudia kitabu humfanya mtu ajione ameiva. Funga kitabu, chukua karatasi, uandike unachokumbuka. Watayarishaji wa mtihani hutoa majaribio mawili kamili bila malipo. Fanya moja mapema ili ujue udhaifu wako, na jingine ulihifadhi hadi wiki mbili za mwisho.

Wasiwasi wa siku yenyewe ni jambo la kawaida. Mikono kutoka jasho na moyo kwenda mbio si ugonjwa. Utafiti wa Gerardo Ramirez na Sian Beilock, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba wanafunzi walioandika hofu zao kwa dakika 10 kabla ya mtihani walifanya vizuri kuliko wasioandika, hasa wale wenye woga mwingi. Ni tiba isiyogharimu chochote. Lakini ikiwa hulali kwa wiki kadhaa, au chakula hakipiti, mwone daktari badala ya kusubiri mtihani uishe.

Asubuhi hiyo kula ulichozoea. Si siku ya kujaribu mkahawa mpya. Maji yawe ya kiasi, kwani hakuna mapumziko yaliyopangwa. Unaweza pia kuufanyia mtihani nyumbani, ila lazima uwe peke yako chumbani, na karatasi za kawaida haziruhusiwi. Hebu fikiria kwanza jinsi stima hupotea mtaani kwenu mvua ikinyesha. Ukiamua kwenda kituoni, ondoka mapema, na uhakikishe jina la kwenye pasipoti ni lile lile ulilojisajili nalo. Alama zisipokuridhisha, unaruhusiwa kurudia baada ya siku 21, na alama utakazopata hutumika kwa miaka mitano.