Usiache mbachao kwa msala upitao: Simu ya vitufe na simu ya kioo

MAMANGU mkubwa anakaa Mji wa Kale, Mombasa, katika nyumba ya ghorofa ambayo ngazi zake anazijua kwa idadi. Macho yake yalianza kufifia miaka kumi na miwili iliyopita kwa maradhi ya presha ya macho, na hivi leo haoni ila mwangaza wa dirisha. Lakini msomaji usidhani kwamba ni mtu wa kushikwa mkono. Nazi hukuna mwenyewe, mkate wa sinia hupika mwenyewe, na mpaka mwaka juzi alikuwa akipiga simu na kutuma pesa mwenyewe bila ya kumwomba mtu.

Simu yake ilikuwa ile ndogo ya vitufe, ambayo wengine huiita kabambe na wengine mulika mwizi kwa ajili ya tochi yake. Wengi wetu tumezitumia simu hizo miaka na miaka bila ya kutambua kwamba juu ya kitufe cha tano pana kinundu kidogo, mfano wa chembe ya mtama. Mama alikitambua. Kidole gumba chake kikishafika hapo, basi nyumba nzima imefunguka: juu yake ni mbili, chini yake ni nane, mkono wa kushoto ni nne na mkono wa kulia ni sita.

Hili si jambo geni kwetu. Mwenye kuvuta uradi gizani baada ya swala ya Isha hahitaji taa. Tasbihi ya shanga 99 imegawanywa thelathini na tatu tatu, na penye mgawanyo pana shanga ya umbo jingine. Kidole kikifika hapo kinajua kwamba fungu moja limekwisha. Kinundu cha tano kazi yake ni hiyo hiyo. Ni alama kwa ajili ya kidole, wala jicho halina haja nayo.

Mwaka juzi mwanawe anayefanya kazi Maskati alikuja likizo, akamletea mama simu mpya ya kioo, pana na ya thamani. Nia yake ilikuwa njema. Akaitoa laini katika ile simu kuukuu, akaitia katika mpya, akamwekea mama mkononi. Mama akaipapasa mbele na nyuma, akaigeuza, akaipapasa tena. Kisha akasema, "Mwanangu, hini si simu, hini ni sahani."

Sote tulicheka. Hatukujua kwamba kicheko kile kitakuja kutugeukia.

Tangu siku hiyo, mama alipotaka kutuma pesa alimwita mjukuu wake wa miaka kumi na mitatu. Nambari yake ya siri, ambayo hata mumewe marehemu hakuwahi kuijua, ikabidi amnong'oneze mtoto sikioni. Ikawa ndiyo ada ya nyumba. Alhamisi moja alinunua changu wa shilingi 300 kwa mwuza samaki anayepita mtaani, na kijana akatuma pesa mbiombio kwa kuwa saa ya chuo imefika. Siku mbili baadaye mama alitaka kutoa mchango wa hitima ya jirani, wakala akamwambia pesa hazitoshi. Hesabu zake mama huziweka kichwani, na alijua mara moja kwamba shilingi 2,700 hazipo.

Alimwuliza kijana. Kijana akaapa kwamba hakuchukua. Mama hakugomba wala hakupiga kelele. Alinyamaza, na huo ndio uliokuwa ubaya wenyewe. Kwa siku tatu nyumba ile iliyokuwa na vicheko ikawa ya minong'ono, na kijana akawa hali tena sinia moja na wenzake.

Siku ya tatu niliitwa mimi. Nikaifungua simu nikatazama ujumbe uliokuja ile Alhamisi, na jibu lilikuwa pale pale: shilingi 3,000 zimekwenda kwa mwuza samaki. Kioo kilikuwa na ufa pembeni, karibu na sifuri, na sifuri moja iliguswa ikaandikwa mara mbili, na badala ya zile mbili za mia tatu zikawa tatu. Kijana kwa haraka yake hakusoma ujumbe, na mama hakuwa na njia ya kuusoma. Mwuza samaki naye simu yake ilikuwa kwa fundi. Alipoipata alikuja mwenyewe mpaka mlangoni na pesa zote mkononi, Mungu amzidishie. Mama akamwita mjukuu wake, akamtaka radhi mbele yetu sote, na machozi yakamtoka. Pesa zilirudi, lakini zile siku tatu hazikurudi.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: vile vitufe vilikwenda wapi, na ni kwa sababu gani viliondolewa?

Vitufe vya simu havikupangwa kwa kubahatisha. Kabla ya kampuni ya Bell ya Marekani kuanza kuwapa watu simu za vitufe mnamo Novemba 18, 1963, wahandisi wake walijaribu mipangilio mingi kwa watu, wakatazama ni upi unaotumika kwa wepesi na bila ya makosa mengi. Mpangilio ulioshinda, wenye moja, mbili na tatu juu, ndio huo tunaoutumia mpaka leo. Simu za mkononi ziliurithi. Nokia 1100 iliyotoka mwaka 2003, yenye vitufe na tochi, iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na pwani hii ilikuwa katika kila mfuko wa kanzu.

Kisha ukaja mwaka 2007. Mwezi wa Januari, mjini San Francisco, Steve Jobs wa kampuni ya Apple aliionyesha iPhone ya kwanza. Hoja yake ilikuwa na nguvu. Alisema vitufe vya plastiki vimeganda pale pale, ukivihitaji vipo na usipovihitaji vipo, wala haviwezi kubadilika kila kazi inapobadilika. Kioo kinaweza. Sasa hivi ni ramani, baadaye ni picha, mara ni herufi. Na haki isemwe: sisi tunaoandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi na dua kwa herufi za Kiarabu tumefaidika. Kwa kugusa mara moja herufi hugeuka, jambo ambalo vitufe vilivyochapwa kiwandani visingeweza.

Lakini Machi ya mwaka huo huo, hapa Kenya, M-Pesa ilianza, nayo ilianza katika simu za vitufe za bei nafuu. Maana yake ni kwamba wakati ambapo vitufe vilikuwa vinaambiwa kwaheri kwengineko, huku kwetu ndiyo kwanza vilikuwa vinakabidhiwa mkoba wa nyumba.

Tofauti ya vitu hivi viwili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kitufe kina hatua mbili, kugusa na kubonyeza. Kugusa ni kuuliza, kubonyeza ni kuamuru. Kidole hukaa juu ya kitufe, kikahakikisha, kisha ndipo kikabonyeza. Kioo hakisukumwi. Chini yake umetandazwa utando mwembamba usioonekana unaopitisha umeme. Kidole cha mtu nacho hupitisha umeme, basi kikigusa, chaji ya mahali pale hubadilika na simu hujua imeguswa wapi. Ndiyo sababu kidole kilicholowa maji ya udhu au tui la nazi hukichanganya. Na ndiyo sababu kipofu hana pa kuuliza, kwani akigusa tu amekwisha amuru.

Wala wasioona si peke yao waliopata taabu. Sisi watu wa bahari tuna la kujifunza katika mkasa wa Agosti 21, 2017, pale manowari ya Marekani iitwayo USS John S. McCain ilipogongana na meli ya mafuta, Alnic MC, karibu na Singapore. Mabaharia kumi walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba usukani na mwendo wa manowari ile viliongozwa kwa vioo vya kugusa. Wakati wa kugawanya kazi, usukani ulihamishwa kwenda meza nyingine bila ya wenyewe kutambua, wakadhani umekatika. Walipopunguza mwendo, mtambo mmoja ulipungua na wa pili haukupungua, na meli ikapinda. Uchovu na mafunzo haba vilitajwa pia, lakini mwaka 2019 jeshi la wanamaji la Marekani liliamua kurudisha mikono ya kushikwa ya kuongozea mwendo katika manowari za aina hiyo. Nahodha yeyote wa jahazi angewaambia hivyo bure: ukishika kana, mkono unajua uliposhika.

Hata waliovitupa vitufe wameanza kuvirudia kidogo kidogo. Mwaka 2017 iPhone X ilitoka bila ya kile kitufe kikubwa cha mbele. Mwaka 2023 iPhone 15 Pro ikatiwa kitufe kipya ubavuni cha kuamuru kazi mbalimbali, na mwaka 2024 iPhone 16 ikaongezewa kingine cha kamera. Sisemi kwamba kabambe imeshinda. Nasema kwamba mkono nao una haki yake.

Sitakuwa mwadilifu nisipoeleza upande wa pili. Ile simu ya vitufe ilikuwa bubu. Mama aliweza kupiga na kutuma, lakini ujumbe ukija alimtafuta mtu wa kumsomea. Simu ya kioo inajua kusoma. Tangu mwaka 2009 iPhone ina programu iitwayo VoiceOver, na simu za Android zina TalkBack, ambazo humsomea asiyeona kila anachokigusa. Ajabu yake ni kwamba programu hizi zimerudisha zile hatua mbili za kitufe: ukigusa mara moja unatajiwa, ukigonga mara mbili ndiyo umeamuru. Tuliiwasha katika simu ya mama, naye akajifunza kwa wiki kadhaa. Tatizo lilikuwa moja: mbele ya watu dukani, simu inayotaja mambo ya mtu kwa sauti haina sitara, na spika za masikioni mama hazipendi.

Kijana, ambaye alitaka kumfurahisha bibi yake baada ya yaliyopita, alibuni dawa yake. Alitia tone la gundi juu ya kioo, pale inapokaa tano. Ilifaa kwa kupiga simu. Lakini picha ya kioo ilipobadilika, tone lilibaki pale pale, na chini yake hapana tano tena. Mama akasema, "Kinundu kipo, lakini mwenyewe kahama." Sijasikia bado mtaalamu aliyelieleza jambo hili kwa ufupi zaidi.

Mwisho tulifanya lililokuwa jepesi tangu mwanzo. Laini ya pesa ilirudi katika simu ya vitufe, na mama akabadilisha nambari yake ya siri akiwa peke yake chumbani, mlango umefungwa. Simu ya kioo ilitiwa laini nyingine, na kazi yake ni kumsomea ujumbe na kumletea sauti ya mwanawe kutoka Maskati. Kila simu ina kazi yake, na kila mmoja nyumbani amestarehe.

Basi wewe uliye ughaibuni, au hapa hapa nyumbani, ukitaka kumnunulia mzazi simu mpya, fanya ihsani hiyo na Mungu atakulipa. Lakini kwanza kaa naye, mwambie afumbe macho au azime taa, umwone anavyoitumia ile ya zamani. Tazama ni mambo mangapi anayafanya bila ya kumwomba mtu. Zawadi nzuri ni ile itakayoyazidisha mambo hayo, si ile itakayoyapunguza. Na ile simu kuukuu usiitupe, usiigawe. Iweke kabatini na chaja yake, kwani wahenga walipotuonya tusiache mbachao kwa msala upitao, hawakuwa wakizungumzia mikeka peke yake.